Matumbawe Hayapimwi kwa Jicho la Mpita Njia



Kuna neno moja linalotembea midomoni mwa watu, na twalisikia hata huku kwetu bara, mbali na maji ya chumvi: "Bahari ni kubwa, haiwezi kuugua." Neno hilo si la kweli. Bahari yaugua, na mahali ugonjwa wake unapoonekana upesi ni pale penye matumbawe. Leo twataka kubishana na wale wanaolisema neno hilo. Tena twataka kubishana na wengine, wale wanaokubali kwamba ugonjwa upo, lakini wanaupima vibaya. Kwani mganga akikosea kupima homa, atatoa dawa isiyofaa, na atakayekufa ni mgonjwa, wala si mganga.

Pengine msomaji wa Bukavu au wa Kalemie atauliza: "Matumbawe yatuhusu nini sisi?" Ni kweli kwamba nchi yetu ina kipande kifupi tu cha pwani, upande wa Muanda, na pale mto Kongo unamwaga baharini maji matamu na matope mengi hata matumbawe hayawezi kujenga miamba yake. Lakini Kiswahili tunachokisema kilitoka pwani ya mashariki, na pwani hiyo, toka Kenya hadi Msumbiji, imekingwa na miamba ya matumbawe. Mizigo mingi ya Katanga na ya Kivu hupita bandari ya Dar es Salaam. Watu wa kule ni jirani zetu. Tena kosa linalofanyika kule, lile la kula mbegu pamoja na mavuno, liko hata huku kwenye maziwa yetu. Tutalisema mbele.

Tumbawe ni nini?

Wengi hudhani tumbawe ni jiwe. Wengine hudhani ni mmea. Kumbe ni mnyama! Ni mnyama mdogo sana, laini, mwenye mdomo mmoja na vidole vidogo vya kukamatia chakula. Anaishi pamoja na ndugu zake maelfu kwa maelfu, na kila mmoja anajijengea nyumba ya chokaa chini ya mwili wake. Wazee hufa, watoto hujenga juu ya nyumba za wazee, na kwa miaka mamia na maelfu mwamba unapanda. Aina nyingine, zile zenye umbo la kichwa kikubwa, huongezeka kadiri ya sentimeta moja tu kwa mwaka. Basi tumbawe la namna hiyo lenye kimo cha meta mbili lilianza kujengwa karibu miaka mia mbili iliyopita, kabla babu wa babu zetu hajazaliwa. Mtu mwenye nyundo aweza kulibomoa kabla ya chakula cha mchana.

Ndani ya mwili wa mnyama huyo mna mimea midogo mno, isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hupokea mwanga wa jua, hutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenye nyumba. Ndiyo pia inayompa rangi zake. Lakini maji yakizidi joto, hata kwa digri moja tu kupita joto lililozoeleka katika mwezi wa joto kuliko yote, na yakikaa hivyo majuma kadha, urafiki huo unavunjika. Mnyama anaifukuza mimea yake, anabaki mweupe kama mfupa. Hajafa bado, ila ana njaa. Maji yakipoa upesi, aweza kupona. Yakikawia kupoa, atakufa.

Miamba ya namna hii inafunika chini ya sehemu 1 kwa mia ya sakafu ya bahari yote. Lakini karibu robo ya aina za viumbe vya baharini zinazojulikana hupata humo makao, chakula au mahali pa kulelea watoto wao. Tena mwamba huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye minazi na nyumba za watu. Basi mwamba ni shamba la mvuvi, tena ni ukuta wa kijiji chake. Wenye kuuharibu wanamwibia maskini mara mbili.

Wanasema: "Maji ni maangavu, basi yote ni mazima"

Hayo ndiyo maneno ya mtu anayepita kwa mashua. Anainama, anatazama chini, anaona samaki wachache wenye rangi, anaona maumbo ya matumbawe yamesimama, anarudi hotelini na kusema: "Bahari yenu ni nzuri ajabu." Sisi twajibu: je, mtu anayepita barabarani aweza kujua kama watu wa nyumba wana afya kwa kutazama kuta zake?

Tumbawe likifa, mifupa yake haianguki siku ile. Husimama miaka kadhaa, na samaki huendelea kujificha humo, kama vile popo katika nyumba iliyohamwa. Juma chache baada ya kufa, mwani mwembamba unaota juu yake na kuipa rangi ya kahawia au ya kijani. Mpita njia anaona rangi, anadhani ni uhai. Na kinyume chake, akikuta tumbawe jeupe, anadhani limekufa, kumbe lingali hai linapigana na joto. Anamlilia aliye hai na kumsifu aliye maiti!

Kupima kwa kweli ni kazi ya jasho. Mpimaji anazama, anatandika utepe wa kupimia juu ya mwamba, na kwa kila hatua anaandika kilicho chini ya utepe: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga, kifusi. Anaandika aina za matumbawe, si idadi tu. Anatafuta matumbawe machanga, yale yenye upana wa kidole, kwa sababu kijiji kisicho na watoto hakina kesho. Anahesabu samaki, aina kwa aina, na kukisia urefu wao. Anahesabu wale wanyama wa mviringo wenye miiba mirefu ambao wavuvi huogopa kuwakanyaga. Anapima joto la maji na uchafu wake. Kisha, na hili ndilo kubwa kuliko yote, anarudi mahali pale pale mwaka unaofuata, na mwaka mwingine tena. Kipimo cha siku moja ni picha tu. Vipimo vya miaka mingi ndivyo vinavyosimulia habari yote.

Kwa nini kuhesabu samaki na wanyama wa miiba? Tazama pwani ya Kenya. Mtaalam Tim McClanahan amefanya kazi kule toka miaka ya 1980. Alionyesha kwamba mahali palipovuliwa kupita kiasi, samaki aitwaye kikande hupungua. Kikande ndiye anayekula wanyama wa miiba. Akiondoka yeye, wale wa miiba huzaana bila adui, wanakwangua mwamba usiku na mchana, na mwamba unalika. Mpimaji asiyehesabu samaki ataona mwamba unamomonyoka, wala hatajua ni nani aliyeumega. Atataja ugonjwa bila kujua chanzo chake.

Wanasema: "Samaki wapo sokoni"

Neno hili ni hatari zaidi, kwa kuwa lina sura ya akili. Mwenye kulisema anaonyesha kikapu: "Tazameni, changu wapo, tasi wapo, pono wapo. Mwawezaje kusema bahari inakwisha?"

Twamjibu kwa maswali. Je, samaki hao wametoka wapi? Baba yake alivua karibu na kijiji. Yeye leo anakwenda mbali gani? Baba yake alitumia nyavu zenye matundu ya ukubwa gani, na yeye? Samaki wa leo wana urefu gani? Soko hupokea samaki wa miamba mingi. Mmoja ukiisha, wavuvi wanahamia wa pili, kisha wa tatu, na meza ya muuzaji haionyeshi kitu, mpaka siku ile mwamba wa mwisho nao utakapoisha. Ghala laweza kuwa na mlango uliojaa magunia na huku nyuma ni tupu.

Mtaalam wa uvuvi Daniel Pauly aliandika mwaka 1995 juu ya udanganyifu mmoja unaowapata hata wenye elimu. Alisema kwamba kila kizazi huchukua hali ya bahari kiliyoikuta katika ujana wake kuwa ndiyo hali ya asili. Kijana akiona samaki wamepungua kidogo tangu aanze kazi, anasema hasara ni ndogo. Hajui kwamba baba yake aliona hasara, na babu yake kabla ya baba. Hasara tatu ndogo zimekuwa hasara moja kubwa, lakini hakuna aliyezijumlisha. Ndiyo sababu twasema: katika kupima afya ya matumbawe, sherti wazee waulizwe. Mzee aliyevua miaka hamsini ni kitabu. Wapimaji wanaofika kwa ndege, wakazama siku tatu na kurudi kwao bila kuketi na wazee wa kijiji, wameacha nusu ya kazi.

Wanasema: "Hesabu imepanda, basi tumepona"

Hapa twabishana na watu waliosoma. Wao wanapenda tarakimu moja: sehemu ngapi kwa mia ya mwamba imefunikwa na matumbawe hai. Tarakimu hiyo yafaa, lakini peke yake yaweza kudanganya.

Tutazame Australia. Kule kuna mwamba mkubwa kuliko yote duniani, wenye urefu wa kilometa 2,300 hivi. Taasisi ya serikali inayochungulia mambo ya bahari, iitwayo AIMS, imeupima kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2022 ilitangaza kwamba upande wa kaskazini na wa kati matumbawe hai yamefika kiasi ambacho hakijaonekana tangu kupima kulipoanza. Mara watu wengine wakapiga vigelegele: "Mmeona? Hofu yote ilikuwa bure!" Lakini wapimaji wenyewe walikuwa wameonya. Walisema kwamba ongezeko lile limeletwa zaidi na aina za matumbawe yanayokua upesi, yenye matawi kama pembe za paa au mapana kama meza, na kwamba aina hizo ndizo zinazovunjika upesi kwa tufani na kufa upesi kwa joto. Wapiga vigelegele walisoma tarakimu, hawakusoma onyo.

Ikawaje? Mwaka 2024 joto likarudi kwa ukali. Mwaka 2025 taasisi ile ile ikatangaza kwamba upande wa kaskazini na upande wa kusini vimepata pigo la mwaka mmoja kubwa kuliko mapigo yote tangu kupima kuanze. Kaskazini, matumbawe hai yalishuka kutoka karibu sehemu 40 kwa mia hadi 30 kwa mia. Shamba lililojaa magugu ya mwezi mmoja si sawa na shamba lililojaa minazi, ingawa mtu akipima kwa mbali ataona yote mawili ni kijani. Basi anayetangaza tarakimu bila kusema ni aina gani, machanga mangapi, samaki gani, na kwa miaka mingapi, huyo hajatangaza afya.

Kuna tena udanganyifu wa chini kuliko huo. Katika nchi nyingi, mwenye kutaka kujenga bandari au hoteli, au kuchimba mchanga, ndiye anayemtafuta mpimaji na kumlipa. Hatusemi kwamba kila mpimaji wa namna hiyo ni mwongo. Lakini twauliza: kijiji gani kinamwachia mwenye mbuzi aseme kama mbuzi wake alikula mihogo ya jirani? Kipimo cha mwamba wa watu wengi kisiwe karatasi ya mtu mmoja. Kisomwe mbele ya wavuvi, kwa lugha wanayoisikia, na wavuvi wapewe nafasi ya kukikataa.

Wanasema: "Kosa ni la mvuvi maskini"

Hapa yafaa tuseme kweli yote, bila kupendelea upande.

Ni kweli, wavuvi wengine wametenda ubaya mkubwa. Katika pwani ya Tanzania uvuvi wa baruti umejulikana toka miaka ya 1960. Sheria iliukataza mwaka 1970. Lakini katika miezi ya Machi na Aprili 2015, wapimaji waliozunguka na mashua toka mpaka wa Msumbiji hadi mpaka wa Kenya, wakiburuta chombo cha kusikilizia sauti chini ya maji, walinasa milipuko 318 katika saa 231 za kusikiliza. Zaidi ya nusu ilikuwa karibu na Dar es Salaam, mji mkubwa kuliko yote nchini, mbele ya macho ya wakubwa! Baruti huua samaki wakubwa na wadogo, na mayai, na wale ambao hakuna atakayewaokota. Mwamba unageuka kifusi, na kifusi kinabingirika kwa mawimbi, hata matumbawe machanga hayapati mahali imara pa kushika. Mvuvi wa baruti anavua mara moja mahali ambapo wengine wangevua miaka mia.

Tena kuna kokoro linaloburutwa juu ya mwamba. Kuna sumu. Kuna wale wa Mafia na wa Mikindani waliong'oa matumbawe hai baharini, wakayachoma kwa moto wa kuni, wapate chokaa ya kujengea: wakaharibu bahari na msitu kwa kazi moja. Hayo yote ni makosa, na mwenye kuyatenda asijifiche nyuma ya umaskini wake. Maskini mwenzake ndiye anayelala njaa kwa sababu yake.

Lakini je, ni mvuvi aliyepasha bahari moto? Mwaka 1998 joto kali lilipita katika Bahari ya Hindi. Kwenye visiwa vya ndani vya Seychelles zaidi ya sehemu 90 kwa mia ya matumbawe hai ilikufa. Matumbawe yalikufa hata katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizowekwa na Kenya mwaka 1968, ambamo uvuvi umekatazwa. Askari wa hifadhi alisimama mlangoni, lakini joto halikupita mlangoni. Toka mwaka 2009 hadi 2018 dunia ilipoteza kadiri ya sehemu 14 kwa mia ya matumbawe yake, na ripoti iliyotolewa mwaka 2021 ilisema chanzo kikubwa ni kuongezeka kwa joto la bahari. Kisha toka mwaka 2023 joto jingine likaanza, likazunguka bahari zote, na kufika mwaka 2025 zaidi ya sehemu 80 kwa mia ya miamba ya dunia ilikuwa imepata joto la kuigeuza meupe.

Joto hilo latoka wapi? Latoka katika moshi wa makaa ya mawe, wa petroli na wa gesi unaochomwa zaidi ya yote na nchi zenye viwanda. Mvuvi wa Kilwa mwenye ngalawa na tanga amechoma nini? Mkulima wa Masisi amechoma nini? Wataalam wa Umoja wa Mataifa walisema mwaka 2018 kwamba dunia ikiongezeka joto kwa digri moja na nusu, sehemu 70 hadi 90 kwa mia ya matumbawe itapotea. Ikifika digri mbili, karibu yote. Basi anayepima mwamba, akaandika katika ripoti yake makosa ya mvuvi tu na kunyamaza juu ya moshi wa matajiri, amemhukumu mwizi wa kuku na kumsalimia mwizi wa ng'ombe.

Wanasema: "Basi, hatuwezi kitu"

Huu ndio ubishi wa mwisho, nao ni ubishi wa wavivu. "Ikiwa joto latoka ng'ambo," wanasema, "sababu gani kumzuia mvuvi wetu? Avue, kwani yote yatakufa."

Sivyo! Turudi Seychelles. Wapimaji walifuatia miamba 21 kule, toka mwaka 1994, kabla ya joto lile, hadi mwaka 2011. Kwa kuwa walikuwa na kipimo cha kabla, waliweza kujua kilichotokea baadaye. Miamba 12 ilirudi kuwa na matumbawe. Miamba 9 haikurudi, ikageuka mashamba ya mwani. Joto lilikuwa lile lile. Mbona mwisho ni mbalimbali? Miamba iliyopona ilikuwa na maumbo mengi ya kujifichia, au ilikuwa katika maji yenye kina. Tena ilikuwa na matumbawe machanga mengi, na samaki wengi wanaokula mwani, na maji yasiyo na uchafu mwingi wa mbolea. Samaki kama pono na tasi ni wapalizi wa mwamba: wanakula mwani, matumbawe machanga yanapata nafasi. Mwenye kuwamaliza wapalizi asishangae shamba likimezwa na magugu.

Basi mkono wa mtu wa pwani una nguvu. Hauwezi kuzima joto, lakini waweza kumwachia mgonjwa nguvu ya kupona. Kisiwa cha Chumbe, karibu na Zanzibar, mwamba wake ulifungwa mwaka 1994, na waliokuwa wavuvi wakafundishwa kuwa walinzi wake. Kule Kuruwitu, pwani ya Kenya, wavuvi wenyewe walikubaliana kufunga kipande cha bahari yao, wasivue humo. Hata baruti ya Tanzania: miaka iliyofuata 2015 serikali ilikaza mkono, na milipuko ikapungua sana. Watu walikuwa wamesema haiwezekani. Iliwezekana. Lakini angalia, ndugu msomaji: tungejuaje kwamba imepungua, kama hakuna aliyehesabu milipuko ya kwanza? Asiyepima hawezi kulaumu, wala hawezi kusifu.

Hatusemi kwamba hatari imepita. Mwezi wa Desemba 2021 David Obura wa CORDIO, shirika lenye makao yake Mombasa, alitoa pamoja na wenzake kipimo cha miamba ya magharibi ya Bahari ya Hindi. Waliigawa miamba hiyo katika majimbo 11, wakakuta majimbo yote 11 yamo katika hatari ya kuporomoka kwa muda wa miaka 50. Walitaja mambo mawili kama chanzo: joto la bahari na uvuvi uliopita kiasi. Mambo mawili, si moja. Anayetaja joto peke yake, na anayetaja uvuvi peke yake, wote wawili wanasema nusu, na nusu ya kweli ndiyo nguo nzuri ya uongo.

Na sisi wa maziwa je?

Tuliahidi kusema habari za huku. Katika ziwa Tanganyika hakuna matumbawe, lakini kuna watu wanaovua kwa chandarua cha mbu karibu na ufuko, wakikusanya samaki wasiopata hata urefu wa ukucha. Huyu ana tofauti gani na yule wa baruti? Ni ndugu yake mwenye kelele ndogo. Na joto nalo limefika: toka mwaka 2003 wataalam wameonyesha kwamba maji ya juu ya Tanganyika yameongezeka joto, na kwa hiyo hayachanganyiki vema na maji ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kinapungua. Tena huku pia twasikia neno lile lile: "Ziwa ni kubwa." Twawaomba wasomaji wa Uvira, wa Baraka na wa Kalemie wasilikubali. Waulizeni wazee wenu walivua wapi, nyavu gani, samaki wa urefu gani. Andikeni majibu katika daftari, na mwaka ujao andikeni tena. Hiyo ni kupima. Haihitaji ndege wala mashine.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu sote, aliyataja matumbawe kwa jina, akayalinganisha na misitu mikubwa ya nchi kavu. Alikumbusha kilio cha maaskofu wa Ufilipino, waliolia mwaka 1988 kwa sababu bahari yao ilikuwa ikigeuzwa makaburi. Sisi tunaokaa karibu na msitu mkubwa wa Kongo twafahamu mfano huo vema. Nani kwetu atakubali mtu apite juu ya msitu kwa ndege, aone kijani, kisha aandike kwamba msitu ni mzima?

Basi twasema kwa wenye mamlaka ya pwani, kwa wataalam, na kwa wenye fedha wanaotaka kujenga: pimeni kabla ya kugusa, wala si baada ya kuharibu. Pimeni mahali pale pale miaka mingi. Hesabuni aina, na machanga, na samaki, wala msijifiche nyuma ya tarakimu moja. Waulizeni wazee. Someni kipimo mbele ya wavuvi kwa lugha yao. Andikeni kosa la mwenye baruti na kosa la mwenye kiwanda katika karatasi moja. Na mkikuta mgonjwa yu hali mbaya, semeni hivyo waziwazi, hata kama wageni wa hoteli hawatapenda kusikia.

Mnyama mdogo asiye na sauti amejenga ukuta wa vijiji vyetu kwa miaka maelfu, bila kudai mshahara. Haombi sifa zetu. Anatudai jambo moja tu: tusiseme kwamba yu mzima, nasi hatujainama kumtazama.